Baba unayetaka talaka na watoto, soma hapa kwanza

Tangu mimi na mama watoto wangu tuachane kisheria, washkaji hawaishi kunipigia. Swali ni lile lile: "Nifanyeje nibaki na watoto?" Wengine wanapiga wakiwa wameshawabeba watoto na kuwapeleka kwa bibi yao kijijini, sauti imejaa furaha kama mtu aliyefunga bao dakika ya tisini. Nami nawajibu vile vile wote. Hakuna hakimu atakayekupa mtoto kama fidia ya kukosewa. Alichokufanyia mkeo kitasikilizwa kwenye suala la talaka, lakini ikifika zamu ya watoto swali linageuka: huyu mtoto akae wapi ili maisha yake yasivurugike?

Nazungumzia Tanzania Bara, ambako tunaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 pamoja na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Zanzibar wana utaratibu wao na Mahakama zao za Kadhi. Na mimi ni fundi umeme, si wakili, kwa hiyo chukulia unasikia kutoka kwa mtu aliyepita njia hiyo.

Safari inaanzia barazani. Wengi hawalijui hili, wanakwenda moja kwa moja kwa karani wa mahakama na kurudishwa. Sheria inataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Wako wanaopitia baraza la kata, Waislamu wengi hupitia mabaraza ya BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), na baadhi ya makanisa nayo yana mabaraza yake. Kikao cha familia sebuleni kwa baba mkwe si baraza, hata kama wamekaa wajomba kumi na mtu akaandika muhtasari.

Nilikwenda pale nikidhani ni kupoteza muda. Wazee walitusikiliza mmoja mmoja, kisha wote wawili, na kulikuwa na mama mmoja mjumbe aliyekuwa anaandika kila kitu kwenye daftari la kaunta na kutusomea alichoandika kabla hatujatoka. Ndoa haikupona, ila tulitoka na mambo mawili tuliyokubaliana kuhusu shule ya watoto, na yale hayakubishaniwa tena hadi mwisho wa shauri. Kwa hiyo usiende barazani kununa.

Baraza likishindwa linatoa hati ya kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwasuluhisha. Hapo kuwa macho. Jamaa yangu mmoja alipewa barua yenye mhuri inayosema "tunamruhusu aende mahakamani kudai talaka," basi. Haikusema popote kwamba usuluhishi ulijaribiwa ukashindikana, na ikamrudisha mwanzo kabisa. Isome hati yako kabla hujatoka ofisini. Halafu iangalie tarehe, kwa sababu siku ya kufungua shauri hati hiyo isiwe imepita miezi sita tangu itolewe. Watu wanapata hati, wanarudiana kidogo, wanagombana tena, wanakwenda na karatasi ya mwaka jana.

Yapo mazingira ambayo unaweza kwenda bila hati: mwenzako amekutelekeza na hujui aliko, anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita, ameitwa barazani akakaidi kwa makusudi, amefungwa miaka mitano au zaidi, au mahakama yenyewe ikiridhika kwamba hali yenu si ya kawaida. Na kama ndoa haijatimiza miaka miwili, unahitaji kwanza kibali cha mahakama.

Kwa ndugu zangu Waislamu, kuandika talaka kwenye karatasi na kumkabidhi mke hakumalizi kazi mbele ya serikali. Baraza likishathibitisha kwamba limeshindwa, kisha talaka ikatolewa kwa taratibu za dini, mahakama inaitambua na kutoa amri yake. Bila hayo, mke uliyemwacha kwa karatasi bado ni mkeo kwenye vitabu, na siku ya mirathi ndipo watu wanapokutana wakashangaana.

Mahakama ipi? Kuanzia ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu, zote zina mamlaka ya kusikiliza shauri la ndoa. Ya Mwanzo iko karibu, gharama ni ndogo, na kila kitu ni Kiswahili. Sikuona haja ya kupanda juu. Utatakiwa kuonyesha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika: ugoni, ukatili, kutelekezwa miaka mitatu na mengineyo. Nenda na mashahidi walioona kwa macho yao. Shahidi wa "niliambiwa na jirani" anakuaibisha.

Sasa watoto, ambao ndio sababu ya kuandika haya yote.

Kila kijiwe utasikia kwamba chini ya miaka saba mtoto ni wa mama, akifika saba anakwenda kwa baba. Nusu ya kwanza ina ukweli wake: sheria inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama. Lakini ni dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi, na kifungu hicho hicho kinamkumbusha hakimu madhara ya kumhamishahamisha mtoto. Nusu ya pili ni ya kijiweni. Hakuna kifungu kinachosema siku ya kutimiza miaka saba mtoto afungashe begi. Kuna mwenzangu alihesabu miezi kabisa, akaandaa na chumba, akaenda na keki. Alirudi nayo.

Mila nazo zinatazamwa, pamoja na matakwa ya wazazi, ila haviwezi kushinda ustawi wa mtoto. Ukisimama mbele ya hakimu ukasema "kwetu mtoto ni wa ukoo, mahari nilimaliza," umesema jambo la kweli nyumbani kwenu, na hakimu ataandika, kisha atakuuliza mtoto anasoma shule gani.

Mtoto mkubwa kidogo anaweza kuulizwa. Kijana wangu alikuwa na miaka tisa, hakimu alimwita chemba, yaani ofisini kwake, bila sisi. Hadi leo sijui alisema nini na sijamuuliza. Tafadhali usimkalishe mtoto usiku wa kuamkia kesi ukamkaririsha maneno. Mtoto aliyefundishwa anaongea kama mtu mzima, na hilo halimpiti hakimu.

Mwenye uzito kuliko watu wengi wanavyodhani ni afisa ustawi wa jamii. Mahakama inaweza kumwagiza achunguze na kuandika ripoti. Wetu alikuja kwangu jioni, bila makeke. Sofa na runinga hakuvitazama hata kidogo. Aliuliza nani anamwamsha mtoto asubuhi, mwalimu wa darasa anaitwa nani, kadi ya kliniki ya mdogo iko wapi, nikiwa saiti usiku anabaki na nani. Akaomba kuona wanapolala. Kisha akatoka akaongea na jirani wa chumba cha pili. Kwa mama yao alifanya vivyo hivyo.

Ripoti ilipokuja, mdogo wa miaka minne na kaka yake wote walibaki kwa mama. Sheria haimlazimishi hakimu kuwaweka watoto wote mahali pamoja, ila kwa hawa aliona wasitenganishwe, na mimi kazi yangu ina safari nyingi. Nikapewa Jumamosi na nusu ya kila likizo. Washkaji walinicheka. Binafsi niliona haki imetendeka, kwa sababu nilijua nani alikuwa anawaamsha.

Ndiyo maana nasema wale wanaowabeba watoto kuwapeleka kijijini wanajiharibia. Umemtoa mtoto shuleni katikati ya muhula, umemweka kwa bibi ambaye ni mzee, halafu unakwenda kumwambia hakimu wewe ndiwe utulivu wa mtoto?

Matunzo: tuma kwa simu, usitoe mkononi, na mweleze kwa meseji kwamba hii ni ya ada, hii ya chakula. Muamala unajieleza wenyewe. Kinyongo kati yenu kisiguse pesa hiyo. Kunyimwa kumwona mtoto hakukupi ruhusa ya kukata matunzo, na kutoletewa matunzo hakumpi mama ruhusa ya kumficha mtoto. Kila jambo lina maombi yake mahakamani.

Kwenye mali sitakaa sana. Kinachogawanywa ni kilichopatikana kwa juhudi za pamoja, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kazi za nyumbani na kulea watoto zinahesabika kuwa mchango. Ajabu ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuambulia nyongeza yoyote siku ile, ila kanuni iliyotokana na kesi yake inawasaidia wanawake hadi leo. Kwa hiyo ile hoja ya "hakuwa na kazi, alikuwa anakaa tu nyumbani" iache mlangoni.

Kama huna pesa ya wakili, watafute wasaidizi wa kisheria; wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na huduma yao ni bure. Kina mama wanaweza pia kubisha hodi TAWLA, chama cha wanasheria wanawake Tanzania.

Hukumu ikisomwa, omba nakala siku hiyo hiyo, kwa maandishi. Muda wa kukata rufaa ni siku 45 na unakwenda mbio ukiwa na hasira. Ila kwa upande wa watoto rufaa si mlango pekee. Amri ya hifadhi, yaani ya mtoto akae na nani, inaweza kubadilishwa baadaye kama mazingira yamebadilika kwa kiasi kikubwa: mzazi amehama nchi, anaugua, mtoto anateswa, au kazi yako imetulia mahali pamoja. Unarudi na maombi mapya na ushahidi mpya. Mimi sijarudi. Kijana sasa anapanda daladala mwenyewe kuja kwangu, hata siku ambazo hazimo kwenye amri, na mama yake ananitumia meseji akishapanda.