Jibu: Dramu ya fotokopi iliyoachwa juani

Ndugu wa Kadutu, umeuliza kwa nini kopi zina kivuli cheusi upande mmoja tangu fundi aache dramu (bomba la ndani ya mashine linalobeba picha ya kopi) mlangoni pa duka, na kama ule ukijani ni kutu. Si kutu hata kidogo. Ni tabaka la kikaboni, mara nyingi ftalosianini (kemikali ya rangi ya kijani au buluu), juu ya bomba la aluminiamu; linafunikwa na jingine la mikroni (elfu moja za milimita) 20 hadi 30 hivi. Gizani linashika chaji ya umeme. Leza ikilipiga linaiachia, na wino wa unga unakamata pale. Jua la Bukavu limelichosha, halishiki chaji vizuri, ndiyo maana wino unajaa hata pasipo na maandishi.

Tabaka hili halikuwa la kikaboni tangu mwanzo: Carlson, mvumbuzi wa fotokopi, alianza na salfa juu ya bati la zinki, 1938. Ikafuata seleni. Shattuck na Vahtra wa kampuni ya IBM walipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya tabaka la kikaboni 1969. Bei nafuu, ila laini mno!

Dramu yako ifunge kwa kitambaa cheusi, iache kabatini siku mbili, ujaribu tena. Usiifute kwa alkoholi. Ukiona doa linajirudia kila milimita 94, na dramu ina kipenyo cha milimita 30 (mzunguko mmoja ni kama 94), huo ni mkwaruzo: nunua nyingine.