Chokaa ya gotini haitoki kwenye maziwa

Eksirei ya goti imeonyesha mistari myeupe. Nimeambiwa kalsiamu imezidi, niache maziwa na dagaa. (Makorora)

Si kweli, na swali hili halichoki kurudi. Mistari ile, inayoitwa chokaa, ni fuwele za kalsiamu pairofosfeti zilizojijenga ndani ya gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa. Pairofosfeti hutoka kwenye seli za gegedu lenyewe, na fuwele hujengeka hata kalsiamu ya damu ikiwa sawasawa. Kula dagaa wako. Mzee anayenyimwa maziwa na dagaa hapungukiwi na fuwele hata moja. Mifupa yake ndiyo inayodhoofu. Tena wengi wana mistari hiyo na hawaumwi. Kinachotibiwa ni goti, si picha.

Ndimu au siki itaziyeyusha? (Chumbageni)

Hapana. Hata hospitalini hakuna dawa ya kuziyeyusha.

Mama ana miaka 71. Goti limevimba usiku mmoja, lina moto. Nimempa alopurino ya baba. (Pangani)

Usimpe tena. Alopurino hushusha asidi ya yuriki, inayoleta jongo (gauti). Fuwele hizi za kalsiamu haizigusi. Mpeleke leo hii avutwe maji ya goti, yatazamwe kwa hadubini: fuwele za jongo ni nyembamba kama sindano, hizi ni fupi zenye pembe. Sisitiza maji hayo yaoteshwe pia kutafuta bakteria, kwani usaha huliharibu gegedu kwa siku chache, na fuwele kuonekana si ushahidi kwamba hakuna maambukizi. Ikiwa ni fuwele tu, kule kuvutwa maji kwenyewe humpa nafuu. Apumzishe goti, aweke barafu ndani ya kitambaa dakika 15 hadi 20. Daktari ataamua kati ya sindano ya steroidi gotini na kolchisini, dawa ya kutuliza uvimbe, ya miligramu 0.5, baada ya kupima figo. Kolchisini ikizidi ni sumu: akianza kuhara, arudi hospitali mara moja.

Nachomwa diklofenaki kila wiki duka la dawa. Kuna ubaya? (Muheza)

Upo mkubwa: vidonda vya tumbo, figo, presha. Na vidonge vya "mitishamba" vinavyotuliza goti kwa saa moja viogope. Vingine huchanganywa steroidi kwa siri.

Nina miaka 42, nami nina chokaa gotini. (Handeni)

Wewe usikae kimya. Katika umri huo zipimwe kalsiamu, magnesi, chuma na homoni ya paradundumio, inayosimamia kalsiamu ya damu. Kama unatumia dawa za kukojosha au omeprazo (ya asidi ya tumbo) muda mrefu, mtajie daktari, maana hushusha magnesi. Usiziache mwenyewe.