Wadogo zangu, rudini kwenye T2

Wiki hii nimerudisha ripoti tatu za MRI ya ini zenye kosa moja, kuhukumu uvimbe bila kufungua T2 (picha za MRI ambamo majimaji huwa meupe), na kosa lenyewe nalijua kwa jina la ukoo, maana nimewahi kuishi nalo. Basi tuelewane.

1. Historia kwanza. LI-RADS (mfumo wa kupima kwenye picha uwezekano wa saratani ya ini) ni ya mwenye sirosisi (ini lenye makovu) au homa ya ini B sugu. Mwenye ini zima aliyekutwa na uvimbe kwa bahati tu, msimbebeshe.

2. Picha za ateri, zinazopigwa mara tu dawa ya kung'arisha ikichomwa, zikaguliwe wakati wake: vena ya porta (inayoingiza damu kwenye ini) imeanza kung'aa, vena za ini (zinazoitoa) bado.

3. Ulizeni dawa gani imechomwa. Hapa ndipo penye aibu yangu. Mwaka wa pili wa mafunzo nilisoma picha za mama mmoja, ini halina kovu, uvimbe wa sentimita moja na nusu. Kwenye ateri unawaka wote. Dakika ya tatu ni mweusi kuliko ini. Nikachangamka kama niliyeokota dhahabu, nikaandika: unawaka kisha unafifia, saratani ya hepatoselula (ya seli za ini zenyewe). Ripoti ikatoka Ijumaa jioni. Kumbe dawa ilikuwa gadoksetati! Seli za ini huinywa, na kufikia dakika ya tatu ini limeshaanza kung'aa lenyewe. Uvimbe haukufifia, jirani yake ndiye aliyewashiwa taa. Kwa dawa hiyo, kufifia huamuliwa kwenye picha za vena ya porta tu, kabla ini halijawaka hivyo, na pale uvimbe wangu ulikuwa sawasawa na mishipa ya damu. Jumatatu mwalimu hakunigombeza. Alifungua T2, akaegemea kiti, akaniacha nitazame. Uvimbe mweupe pee. Hemanjioma, uvimbe wa mishipa ya damu usio saratani. Mama alikuwa amelala siku tatu na neno saratani, ameshawaita wanawe wote. Nilimpigia mwenyewe. Alicheka, akalia, kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, ulisomea wapi?"

4. DWI (picha za mwendo wa maji ndani ya tishu) iking'aa, fungua ADC (ramani inayopima mwendo huo). Mwanga wa T2 hupenya kwenye DWI.

5. Dakika ya 20 baada ya gadoksetati, FNH (uvimbe wa seli za ini usio saratani) kwa kawaida hubaki na dawa, saratani nyingi hazibaki. Nimesema nyingi: zipo chache za hepatoselula zinazoinywa, na adenoma zisizo na hatia huwa nyeusi mara nyingi.

Na aliyeandika jana "bila shaka yoyote" juu ya picha za ateri zilizotikiswa na pumzi, namjua. Aje nazo kesho asubuhi, kiti kipo.