Jibu: Homoni na huzuni ya kuelekea ukomo wa hedhi

Pole dada. Umeuliza kama dawa za homoni zitakuondolea huzuni hii iliyokuja pamoja na hedhi kuvurugika ukiwa na miaka 47. Zinaweza kusaidia, ila si dawa ya kila sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha. Katika kipindi hiki estrojeni, homoni ya kike, haishuki taratibu. Inapanda na kuporomoka ovyo, na ubongo unaihisi. Ukishtuka saa nane usiku shuka limelowa jasho, kesho yake utalia hata kwa chumvi kuzidi kwenye mboga. Kibandiko cha estrojeni, kinachobandikwa kwenye ngozi, kikituliza jasho na usingizi ukarudi, mara nyingi huzuni nayo hupungua.

Kama bado una kizazi, lazima uongezewe projesteroni, homoni nyingine ya kike, la sivyo ukuta wa kizazi hunenepa na hatari ya saratani hupanda. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au damu kuganda mguuni asiguse homoni hizi kabla ya kumwona daktari bingwa wa wanawake. Omba pia upimwe tezi ya thairoidi iliyo shingoni na wingi wa damu. Matatizo ya hivyo viwili huigiza sonona vizuri mno.

Na kama umeandikiwa vidonge vya sonona, usiviache ghafla. Ukianza kuwaza kujidhuru, usingoje miadi, nenda hospitali siku hiyohiyo.