Mvua za kwanza zinaamsha nini ardhini?

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Nalima Lushoto, chini ya msitu. Mahindi ninayoyawahisha na mvua za kwanza hukolea kijani, ya jirani aliyechelewa wiki mbili huwa manjano, na mbolea tunatia sawa. Kuna nini ardhini? Na je, Februari nizoe majani makavu msituni nikatandaze shambani?
Msomaji, Lushoto

JIBU: Marahaba mwanangu. Unaloliona lilishapimwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1958 mtafiti H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga, karibu na Nairobi, alichapisha matokeo yake: udongo uliokauka ukilowa, mboji huoza kwa kasi kubwa siku chache za mwanzo, kisha kasi inashuka. Hadi leo wanasayansi wanaliita jambo hilo kwa jina la Birch.

Januari na Februari majani yanarundikana chini ya miti bila kuoza sana, maana unyevu hakuna. Vijidudu wengi wa udongoni hufa, wengine hulala. Masika yakianza, waliosalia huwala waliokufa pamoja na mboji iliyolegea kwa ukavu. Hewa ukaa inafuka ardhini, na naitrojeni inabaki kama naitreti, chakula ambacho mizizi hukifyonza upesi. Wiki hizo ukifunua majani msituni utaona nyuzi nyeupe za kuvu zimeyashona pamoja, na chini yake mizizi myembamba kama uzi imejaa tele.

Mizizi hiyo ndiyo tofauti ya msitu na shamba. Naitreti haishikwi sana na udongo; mvua kubwa za Aprili huishusha chini. Msituni inadakwa. Shambani, mahindi ya jirani yako yanaota wakati naitreti imeshashuka.

Majani ya msituni usiyaguse, nakusihi. Ni akiba ya miti ile, na ndiyo yanayozuia mteremko usichukuliwe na maji ukaja kwako. Kata tughutu, vile vichaka vya mipakani mwako, majani na vitawi vibichi, uzifukie shambani. Zinaoza haraka, na wakulima wa Kisambaa wanazijua. Mabua usichome, naitrojeni yake inaondoka na moshi.

Mbegu iwe tayari mvua inapoanza. Mbolea ya kukuzia isubiri mahindi yafike magotini, kwa sababu wakati huo ile naitreti ya mwanzo imekwisha na mmea ndio kwanza una njaa.