Sanduku la wifi na ngozi tatu

Swali lenu la wiki hii ni hili: "Vipodozi vya kilimo hai vya bei kali vinafaa kila ngozi, au tunalipia kopo?" Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma. Utaalamu wa ngozi sina. Nilicho nacho ni sanduku moja la vipodozi hivyo na watu watatu wa nyumba moja waliolitumia: mimi, mama mkwe wangu, na mdogo wangu wa kike anayesoma chuo. Kwa kifupi, kilichonifaa kuliko vyote humo ndani ni maandishi ya nyuma ya kopo. Kwa kirefu ni hivi.

Sanduku alilileta wifi yangu anayeishi Ujerumani, alipokuja Idi Kubwa. Vitu vitano: kipande cha sabuni, maji ya waridi ya kupuliza, mafuta ya matone ya mililita 30, krimu ya uso na krimu ya jua. Kwenye kichupa cha mafuta bei ilikuwa imebanduliwa nusu, lakini ilisomeka: euro 68. Nikapiga hesabu, inakaribia laki mbili. Kwa kichupa ambacho ukikishika vidole vinakutana! Laki mbili hapa kwetu ni dumu la mawese la lita 20 na chenji ya kununulia dagaa. Na kila kitu kiliandikwa kuwa ni cha ngozi zote. Hapo ndipo tulipoanza kukosea.

Nianze na mama mkwe. Ana miaka sitini na kitu, mzaliwa wa Ujiji, na ngozi yake ni kavu hasa. Kiangazi, upepo wa ziwa ukichanganyika na vumbi, mpitishie ukucha kwenye muundi utaona mstari mweupe kama chaki ubaoni. Maisha yake yote amepaka mise, yale mafuta meusimeusi ya kiini cha chikichi yenye harufu ya kuungua. Krimu ya binti yake aliipenda siku ya kwanza. Ilikuwa nzito, ina nta ya nyuki na siagi ya shea, naye akaipaka akiwa ametoka tu kuoga, ngozi haijakauka, kama alivyozoea kufanya na mise. Mazoea hayo yalimsaidia pengine kuliko krimu yenyewe, maana nta na mafuta hayaleti maji kwenye ngozi; yanayafungia tu yaliyokuwepo yasitoroke. Baada ya wiki mbili nikampitishia ukucha tena. Chaki haikuandika.

Sabuni ndiyo iliyotuvunja mbavu. Jioni moja umeme umekatika, nikawa naisoma kwa tochi ya simu. Neno la kwanza Sodium Palmate, la pili Sodium Palm Kernelate. Nikaenda kuuliza kwenye simu maana yake, nikarudi kwa mama nimejishika mdomo. La kwanza ni mawese yaliyopikwa na kostiki. La pili ni mise iliyopikwa na kostiki. Mama, ambaye ameuza gwanji, sabuni yetu ya kienyeji ya mawese, sokoni Ujiji tangu mume wangu akiwa mgongoni, aliigeuza ile sabuni mkononi mara mbili, akainusa.

"Kwa hiyo binti yangu kapanda ndege kuja kuniletea gwanji?"

Nisiwe mwongo lakini. Ile sabuni ilikuwa laini kuliko gwanji nyingi nilizoogea. Gwanji inategemea mkono wa mpishi. Kostiki ikizidi kidogo, uso unavutika kama ngozi ya ngoma. Ya kiwandani vipimo havibadiliki, na hilo ni jambo la kulipiwa. Ila si kwa bei ile, na si kwa mtu wa Kigoma ambaye mchikichi uko nyuma ya jiko.

Sasa mimi. Uso wangu ni mchanganyiko: paji, pua na kidevu vinang'aa kufika saa sita kama nimepaka samli, mashavu yako kawaida. Kama hujui wako ni wa aina gani, nawa kwa sabuni isiyo kali, usipake kitu, kaa saa nzima, kisha gusa. Unaovutika ni mkavu, unaoteleza ni wa mafuta, unaoteleza katikati tu ni kama wangu. Haina gharama, na mimi niliifanya baada ya kuharibu badala ya kabla. Ile krimu iliyomponya mama ilinipa chunusi paji zima ndani ya siku kumi, vile vidogo vigumu visivyo na kichwa. Mama akanishauri nirudi kwenye mise. Nilikataa kwa adabu. Mise, kama mafuta ya nazi, ni nzito kwa uso wa aina yangu, na wanawake wengi hapa mjini wenye chunusi wanazilisha wenyewe kila asubuhi wakidhani ni tatizo la damu.

Ajabu ni kwamba mafuta ya matone, niliyoyaogopa, hayakunidhuru. Yalikuwa ya mbegu za waridi mwitu, mepesi, matone mawili usiku yanatosha. Niliyafurahia miezi mitatu hivi. Halafu siku moja nimefungua, yananuka rangi ya mafuta. Yamechacha. Mafuta mepesi ya namna hiyo hayapendi joto wala mwanga, na mimi nilikuwa nimeyaweka dirishani, kwenye chumba cha bati, jua la mchana likiyapiga. Kwenye kichupa kulikuwa na picha ndogo ya kopo lililofunguliwa na maandishi 6M, yaani miezi 6 tangu ulipofungua. Miezi 6 ya Ujerumani si miezi 6 chini ya bati la Mwanga. Nusu ya laki mbili nilimwaga uani.

Krimu ya jua niseme kwa haraka. Niliipaka nikaenda Kibirizi kuchukua dagaa. Mama mmoja muuzaji akaniangalia, akamgusa mwenzake, akaniuliza, "Dada, umetoka mashine ya kusaga?" Viwango vya kilimo hai vinaruhusu kinga ya jua ya madini tu, kama zinki, na zinki ni unga mweupe. Kwa mzungu haionekani sana. Kwangu mimi nilifanana na kitumbua kabla hakijaingia kwenye mafuta. Imebaki sandukuni mpaka leo.

Kwa mdogo wangu cheko liliisha. Yeye ana ngozi nyeti. Hata kitenge kipya kisichofuliwa humwasha shingoni, kila nguo yake naifua kabla ya kuikata. Tukamwambia haya ni ya asili, paka tu. Siku ya pili mashavu yakaanza kuwasha. Ya nne yamevimba, yana vipele vya maji. Hospitalini daktari hakuuliza mengi, akamwambia aache vyote, anawe maji matupu, apake mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Mafuta ya mgando! Yale ya kopo la bei ya soda, yanayotokana na mafuta ghafi ya ardhini, ambayo viwango vya kilimo hai haviyataki kabisa. Ndiyo yaliyomtuliza. Vipele vilikwisha kwa wiki mbili. Alama nyeusi hazikuisha. Ngozi zetu zikiumizwa huacha kumbukumbu, na zake zilikaa mpaka mvua zikaanza.

Alipopona, akataka kujua ni kipi. Nilimlaumu kwa ubishi, sasa namshukuru. Alipaka kitu kimoja kwa wakati kwenye kiwiko kwa ndani, asubuhi na jioni, wiki nzima, kisha kingine. Sote tuliishuku krimu. Krimu haikufanya kitu. Aliyemuunguza ni maji ya waridi, yale mepesi kuliko yote, yale niliyokuwa najipulizia kazini nikisikia joto. Siku ya tatu tu kiwiko kikawa chekundu.

Tukaligeuza kopo. Nyuma: Citronellol, Geraniol, Linalool. Hizo si kemikali alizozimwaga mtu kiwandani. Ndiyo harufu yenyewe ya waridi. Umoja wa Ulaya uliwalazimisha watengenezaji kuyataja kwa majina manukato 26 yanayojulikana kuzua mzio, hata yakiwa yametoka kwenye ua, na mwaka 2023 orodha ikapanuliwa mpaka zaidi ya 80. Ndugu yao mwingine anaitwa Citral, huyo ndiye anayeupa mchaichai harufu. Mdogo wangu anakunywa chai ya mchaichai kila siku wala haimdhuru, lakini tumbo ni tumbo na shavu ni shavu. Watu wakiniambia kitu ni cha asili kwa hiyo hakidhuru, siku hizi nawauliza kama wamewahi kugusa upupu.

Na maandishi hayohayo yakanifundisha bei inakwenda wapi. Viungo hutajwa kwa wingi wake, kilicho kingi kinatangulia. Kwenye krimu cha kwanza kilikuwa Aqua. Maji. Kiwango cha COSMOS Organic, cha vipodozi vya kilimo hai, ambacho nembo yake ilikuwa kwenye kopo, kinataka bidhaa ya kupaka na kuacha iwe na angalau asilimia 20 ya viungo vya kilimo hai ukipima kopo zima, na ya kuosha na kusuuza asilimia 10. Si udanganyifu, maji hayalimwi, hayawezi kupewa cheti. Ila mimi niliposoma "kilimo hai" nilidhani kopo zima limetoka shambani.

Basi kama mnanihesabu kura, andikeni hivi: kwa mama mkwe ndiyo, krimu moja tu. Kwangu mafuta, kama ningeyaweka mahali pa giza. Kwa mdogo wangu hapana, na mwenye ngozi kama yake aanze na kiwiko hata kama kopo limetoka peponi.

Ila siwezi kuyadharau yale makopo, kwa sababu yalipotuumiza yalitaja yenyewe kilichotuumiza. Krimu zilizokorogwa tunazouziwa huku, zilizofungashwa kwenye vikopo vya plastiki visivyo na jina, hazisemi kitu. Zebaki na haidrokwinoni, zile za kujichubua, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, lakini kikopo kisicho na maandishi utakihoji vipi?

Juzi nilikuwa sokoni na mama mkwe. Kijana mmoja akamnyooshea kikopo cha krimu ya manjano, "Mama, hii inalainisha, ni ya asili kabisa." Mama, ambaye bila miwani hasomi hata bango, alikigeuza chini, akakigeuza pembeni, akakisogeza mbali na macho.

"Imeandikwa wapi kilichomo?"

"Mama, ni ya asili tu."

Alimrudishia, akaenda kununua nyanya.