Wamama wenzangu, mwambieni fundi apime upya

Mwaka jana mwezi wa saba mtoto wa marehemu dada yangu alikuwa na sendofu hapa Mbeya, sare tukaambiwa ni kitenge cha damu ya mzee chenye maua ya njano, mi nikachukua yadi zangu 6 nikapeleka kwa fundi pamoja na gauni langu la mwaka 2009, nikamwambia we shonea vipimo vya hili hili ndo linanikaaga vizuri. Siku ya kuchukua nikaijaribu palepale nyuma ya pazia. Zipu ikapanda mpaka katikati ya mgongo ikagoma, tumboni imevuta, halafu mabegani inapwaya kama ya mtu mwingine, na nyuma imepanda juu kuliko mbele. Nikaikunja kwenye mfuko nikapanda daladala ya Uyole na njia nzima nawaza, basi umri wangu wa kupendeza umeisha. Nilikuwa na miaka 58.

Naandika hii kwa sababu najua sipo peke yangu. Kwenye kikoba chetu tupo wamama wengi tu wa 50 kwenda juu na nusu yetu tumehamia kwenye madera, sio kwamba tunayapenda sana, ila kila nguo nyingine tukivaa inatuumiza roho. Dera ni nguo nzuri ya nyumbani, sina ugomvi nalo. Ila dera la kujifichia ndani yake kanisani, harusini, hata benki, hilo ndo linaniuma.

Sasa ujue tatizo langu halikuwa umri na wala halikuwa fundi. Mimi ndo nilimpa mwili wa mwanamke wa arobaini na kidogo aushonee, halafu nikaenda kuvaa mimi wa leo. Hedhi ikishakoma mwili unajipanga upya, yale mafuta yaliyokuwa yanakaa mapajani na kwenye nyonga yanahamia tumboni, kiuno kinajaa hata kama kilo kwenye mzani ni zile zile, matiti yanashuka, na mgongo wa juu unaanza kuinama kidogo mbele bila mwenyewe kujua. Mgongo ukiinama unakula urefu wa nguo kwa nyuma, ndo maana gauni linapanda nyuma na kuning'inia mbele. Hakuna kosa lolote hapo, ni mwili tu, na mwili una vipimo vyake.

Nilirudi kwa fundi kesho yake. Ni kijana mdogo, umri wa mwanangu wa mwisho, ana cherehani mbili pale Mwanjelwa. Nikamwambia mwanangu nipime wewe mwenyewe, achana na nguo ya zamani. Akasema sawa mama, akachukua futi akaanza kupima, na hapo ndo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona miaka yote. Ananipima kwa heshima! Futi ameishika mbali na mwili kama anazungusha kamba kwenye mti, kifuani hagusi, anakadiria, kiunoni anaiachia inaning'inia kwa sababu mimi ni mama yake. Nikawaza kumbe ndo maana sisi watu wazima nguo zetu huwa magunia. Nikamwambia mwanangu, heshima umeshanipa kwenye shikamoo, sasa hapa pima kweli. Akacheka, akamwita dada anayemshonea vifungo, yule dada akanipima.

Waambie wapime hivi. Kifua pale kilipojaa, na chini ya matiti peke yake. Kutoka begani mpaka kwenye ncha ya titi, kwa sababu likishuka na ule mkunjo wa kifuani nao unatakiwa ushuke, ukibaki juu nguo inafanya mfuko. Kutoka mfupa wa shingo nyuma mpaka kiunoni, halafu mbele peke yake, usikubali akupime upande mmoja akadhani pande zote sawa. Tumbo pale lilipo nene, sio pale kiuno kilipokuwaga. Na ukae kwenye kiti apime nyonga ukiwa umekaa, maana kanisani tunakaa masaa matatu. Mwambie pia aache kitambaa cha kutosha ndani ya mishono ya pembeni, mwakani ukinenepa anaachia tu.

Na kabla ya yote hayo nunua sidiria inayokutosha. Nilivaa saizi moja tangu nimzae kitinda mimba! Ukiona mkanda wa nyuma unapanda juu mgongoni ujue umelegea, ni mkubwa kwako, na mikanda ya mabegani ikikuachia mitaro maana yake ndo inabeba mzigo wote wakati mkanda wa chini ndo unatakiwa ubebe. Vaa hiyo nzuri siku unayoenda kupimwa, la sivyo vipimo vyote vitakuwa vya uongo.

Kitenge kama ni pamba kiloweke kwanza usiku kucha na ukianike kabla ya kupeleka, kinasinyaa kile. Na kama kina maua makubwa simama na fundi kabla hajakata, mpangie ua lisije likatua katikati ya tumbo, lipeleke begani au chini kwenye pindo.

Haya, tuje kwenye baridi yetu. Mwezi wa sita mpaka wa nane huku juu usiku inashuka chini ya nyuzi 10, na asubuhi unatoka umejifunga kama mzigo. Sasa kwa sisi ambao joto linatupanda ghafla hiyo ni shida kubwa, mi nilishawahi kutoka katikati ya ibada nimelowa jasho kwa sababu ya sweta zito la kuvalia kichwani, siwezi kulivua bila kuvua kilemba. Siku hizi navaa blauzi nyepesi ya pamba, juu sweta la vifungo, juu mtandio au khanga. Joto likija nafungua, likipita nafunga, wala hakuna anayejua. Masweta mazuri yapo kwenye mitumba, pale soko la SIDO nenda asubuhi wakifungua belo. Ukitaka kujua ni pamba au ni polista chomoa kauzi kadogo kwenye mshono wa ndani, ukachome nyumbani, pamba inaungua kama karatasi inabaki jivu laini, polista inayeyuka inakuwa kidonge kigumu. Sufu, yale manyoya ya kondoo, inanuka nywele zilizoungua. Polista ndo inayokupikia jasho.

Mvi. Hapa kila mtu na moyo wake, ila nawaambia yaliyonikuta. Nilipaka dawa ya kuweusha nywele zaidi ya miaka kumi bila shida, siku moja nikaamka paji la uso limevimba na macho hayafunguki, hospitali wakaniambia mwili umeikataa dawa. Nyingi zina kemikali inaitwa PPD na mwili unaweza kuikataa hata kama uliizoea miaka. Kama unapaka, jaribu kidogo nyuma ya sikio kila mara na usubiri siku mbili. Mimi niliacha, nikakata fupi kabisa, na mvi zangu zilivyotoka nyeupe nikagundua rangi nilizokuwa nazikwepa ndo zinaniwakia, damu ya mzee, bluu bahari, kijani cha majani ya chai. Nyeusi tupu karibu na uso imeanza kunichosha, naivaa chini. Na mkorogo jamani tuachane nao, zebaki na hidrokwinoni, zile kemikali za kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini kwa sababu zinaharibu ngozi na zebaki inaenda mpaka kwenye figo.

Viatu nunua jioni, miguu ikiwa imeshajaa. Basi.

Lile gauni la sendofu fundi alilifumua pembeni, akachukua kile kitambaa cha kilemba akaongeza kipande kila upande kuanzia kwapani mpaka chini, kilemba nikanunua cha njano tupu. Siku yenyewe tunaingia ukumbini tunacheza na zawadi kichwani, nilinyoosha mikono juu nikaona hakuna kinachovuta, hakuna kinachopanda, sikushika nguo hata mara moja. Wifi yangu wa Tukuyu akaniuliza kwenye meza, we umepungua? Nikamwambia sijapungua, nimepimwa.

Jumamosi hii nampeleka mama yangu mzazi kwa fundi huyo huyo. Ana miaka 81, anataka gauni la mikono mirefu lenye mifuko miwili, wa kulia wa leso na wa kushoto wa simu, na amesema kitenge atachagua mwenyewe.